Tibakemikali Kabla au Baada ya Upasuaji wa Titi: Namna ya Kuyasoma Majaribio na Kuyatumia Mbele ya Daktari

Mwanamke anayeambiwa kwamba ana saratani ya titi, na kwamba ataanza tibakemikali, yaani dawa za sindano za kuua chembe za saratani, kabla ya kufanyiwa upasuaji, mara nyingi hutoka kliniki akiwa na swali ambalo hakupata nafasi ya kuliuliza: kwa nini uvimbe uachwe mwilini miezi minne au mitano wakati ungeweza kuondolewa mara moja? Mwenzake aliyetangulia kufanyiwa upasuaji na kupewa dawa baadaye huwa na wasiwasi wa upande wa pili, akidhani kwamba labda amecheleweshewa dawa. Maswali yote mawili yameshafanyiwa majaribio makubwa kwa zaidi ya miaka 30, na majibu yake yanaweza kusomwa na mtu yeyote mwenye subira. Mwongozo huu umekusudiwa kwa mgonjwa, kwa ndugu anayemsindikiza, na kwa muuguzi au mganga wa kituo cha afya ambaye ataulizwa maswali hayo kabla ya daktari bingwa. Haumchagulii mtu tiba; unaonyesha namna ya kuutazama ushahidi ili mazungumzo na daktari yawe ya kweli.

Anza na jaribio moja na ulisome lote

Ni afadhali kulielewa jaribio moja kwa kina kuliko kupitia vichwa vya habari vya majaribio kumi, na la kuanza nalo ni lile linaloitwa NSABP B-18. Liliendeshwa Marekani na Kanada na kundi la utafiti lililoongozwa na daktari mpasuaji Bernard Fisher, na kati ya mwaka 1988 na 1993 liliandikisha wanawake 1,523 wenye saratani ya titi inayoweza kupasuliwa. Wote walipangiwa dawa zilezile mbili, doksorubisini na siklofosfamidi, kwa mizunguko minne yenye nafasi ya siku 21 kati ya mmoja na mwingine. Kura ndiyo iliyoamua nani apewe dawa hizo kwanza kisha apasuliwe, na nani apasuliwe kwanza kisha apewe dawa. Waliokuwa na umri wa miaka 50 na zaidi walipewa tamoksifeni, yaani vidonge vya kuzuia homoni ya estrojeni, kwa miaka mitano, na waliobakiziwa titi walipewa mionzi, bila kujali walikuwa kundi lipi.

Hapo msomaji anapaswa kujiuliza swali la kwanza la kila jaribio: ni kitu gani hasa kilichotofautisha makundi haya? Katika B-18 jibu ni moja tu, yaani mpangilio. Dawa ni zilezile, kipimo ni kilekile na idadi ya mizunguko ni ileile. Kwa sababu hiyo, tofauti yoyote iliyojitokeza baadaye ingeweza kuhusishwa na utaratibu wa kutangulia na kufuata, na si na ubora wa dawa. Ukisoma habari za jaribio ambalo kundi moja lilipewa dawa kabla ya upasuaji na pia likaongezewa dawa mpya, usilitumie kuamua suala la mpangilio, kwa maana hutajua ni lipi kati ya mambo mawili lililoleta matokeo.

Swali la pili ni kile kilichopimwa, na hapa ndipo watu wengi hupotea, kwa kuwa jaribio moja linaweza kutoa majibu yanayoonekana kupingana. Kwa upande wa uvimbe wenyewe, dawa zilizotangulia zilifanya kazi inayoonekana: takriban wanawake 80 katika kila 100 walipungukiwa na uvimbe kwa kiwango kikubwa, na 36 kati ya hao 100 hawakuwa tena na uvimbe unaoshikika kwa mkono. Hata hivyo, titi lilipopasuliwa na kuchunguzwa kwa darubini, waliokuwa hawana kabisa saratani vamizi, yaani ile iliyokwisha kupenya kwenye nyama ya jirani, ndani ya titi walikuwa takriban 13 tu katika 100. Tezi za kwapa nazo zilikutwa safi kwa asilimia 59 ya waliotangulia dawa, ikilinganishwa na asilimia 43 ya waliotangulia upasuaji. Wanawake waliofanyiwa upasuaji wa kuondoa uvimbe na kubakiza titi walikuwa asilimia 68 katika kundi la kwanza na asilimia 60 katika la pili.

Sasa tazama kile ambacho mgonjwa na familia yake wanataka kukijua kuliko vyote. Baada ya miaka tisa, waliokuwa hai walikuwa asilimia 69 katika kundi lililoanza na dawa na asilimia 70 katika kundi lililoanza na upasuaji. Kwa lugha ya takwimu, na pia kwa lugha ya kawaida, hiyo si tofauti. Uvimbe kupungua, tezi kusafika na titi kubakizwa ni faida za kweli, lakini hazikugeuka kuwa miaka zaidi ya kuishi kwa sababu ya mpangilio peke yake.

Matokeo haya yaliwashangaza waliolibuni jaribio. Fisher na wenzake walikuwa wameona katika panya kwamba kuondoa uvimbe wa awali kulifanya mabaki yaliyokwisha kusambaa yakue kwa kasi zaidi, na kwamba dawa ikitangulia ukuaji huo huzuilika. Walitarajia wanawake wanaoanza na dawa waishi muda mrefu zaidi. Nalitaja jambo hili kwa makusudi. Katika mitaa na vijiji vyetu iko hofu kubwa kwamba saratani ikishaguswa na kisu husambaa, na wapo waliokimbia wodi kwa sababu hiyo. Dhana ya Fisher ilikuwa jirani wa mbali wa hofu hiyo, ila yeye aliipeleka kwenye jaribio na akayakubali majibu: kutanguliza upasuaji hakukuwafanya wanawake wafe mapema kuliko kutanguliza dawa. Lakini tahadhari ni muhimu hapa, kwa kuwa B-18 halikulinganisha upasuaji na kutopasuliwa. Wanawake wa makundi yote mawili walipasuliwa, na mtu anayelitumia jaribio hili kusema kwamba dawa peke yake inatosha anasema jambo ambalo halikupimwa.

Kisha tazama mkusanyiko wa majaribio

Jaribio moja linaweza kupotoshwa na bahati, hivyo hatua inayofuata ni kutafuta uchambuzi unaokusanya majaribio mengi ya swali lilelile. Uchambuzi mkubwa wa suala hili ulitolewa mwaka 2018 na kundi la watafiti lenye makao yake Oxford, Uingereza, ambalo lilikusanya taarifa za mgonjwa mmojammoja kutoka majaribio 10 yaliyoanza kati ya mwaka 1983 na 2002, jumla ya wanawake 4,756. Waliobakiziwa titi walikuwa asilimia 65 miongoni mwa waliotangulia dawa na asilimia 49 miongoni mwa waliotangulia upasuaji. Vifo vilivyotokana na saratani ya titi kufikia mwaka wa 15 vilikuwa asilimia 34.4 na asilimia 33.7, na ugonjwa kujitokeza katika viungo vya mbali ulikuwa asilimia 38.2 na 38.0. Kwa mara nyingine, mpangilio haukubadilisha uhai.

Kuna takwimu moja katika uchambuzi huo ambayo haifai kurukwa. Saratani kurudi katika titi lilelile, ukuta wa kifua au tezi za jirani ilitokea kwa asilimia 21.4 ya waliotangulia dawa na asilimia 15.9 ya waliotangulia upasuaji katika miaka 15. Ukitoa moja kwa nyingine unapata 5.5, maana yake ni kwamba katika kila wanawake 100 walioanza na dawa, watano au sita zaidi walirudiwa na ugonjwa mahali palepale. Mtu anayetaka kutisha angeweza kuandika kwamba hatari iliongezeka kwa zaidi ya theluthi moja, naye asingekuwa amedanganya kwa hesabu. Ndiyo sababu nashauri kila mara kuuliza idadi ya watu katika 100 na kipindi cha miaka, na kutoridhika na neno "iliongezeka".

Sababu za tofauti hiyo zinaeleweka kwa sehemu kubwa. Wanawake wengi zaidi walibakiziwa titi baada ya uvimbe uliokuwa mkubwa kupungua, na titi lililobakizwa lina mahali pa ugonjwa kurudi. Tena katika baadhi ya majaribio ya zamani, wanawake ambao uvimbe wao ulitoweka walipewa mionzi bila upasuaji, jambo ambalo leo halifanyiki kama utaratibu wa kawaida. Mpasuaji wa leo akijua mahali uvimbe ulipokuwa, akaondoa eneo hilo na kupata kingo safi, yaani zisizo na saratani, kisha mionzi ikafuata, hatari hiyo hupungua. Kwa hiyo takwimu hii isomwe kama agizo la kufanya maandalizi sawasawa. Haimaanishi kwamba dawa za mwanzo zikataliwe.

Kwa nini basi bado tunaulizana kabla au baada

Iwapo uhai ni uleule, msomaji ana haki ya kuuliza kwa nini madaktari wengi siku hizi hupendelea kuanza na dawa kwa baadhi ya wagonjwa. Jibu limebadilika katika miaka ya karibuni. Zamani faida iliyotajwa ilikuwa kupunguza uvimbe. Leo faida kubwa ni kujua jinsi saratani ya mgonjwa huyu inavyoitikia dawa, na kutumia ujuzi huo kuamua tiba inayofuata baada ya upasuaji.

Majaribio mawili yanaonyesha jambo hili. La kwanza, CREATE-X, lilifanyika Japani na Korea Kusini na matokeo yake yakachapishwa mwaka 2017. Liliwachukua wanawake 910 wasio na kipokezi cha HER2 (protini iliyo juu ya chembe za baadhi ya saratani na inayozichochea kukua) ambao, baada ya dawa za mwanzo na upasuaji, bado walikutwa na mabaki ya saratani. Nusu waliongezewa vidonge vya kapesitabini. Baada ya miaka mitano, waliokuwa hai walikuwa asilimia 89.2 kwa walioongezewa na asilimia 83.6 kwa wasioongezewa, na faida ilikuwa kubwa zaidi kwa wenye saratani hasi tatu, yaani ile isiyo na vipokezi vya homoni za estrojeni na projesteroni wala HER2. La pili, KATHERINE, lilihusu wagonjwa 1,486 wenye HER2 na mabaki ya saratani baada ya dawa za mwanzo. Waliobadilishiwa trastuzumabu ya kawaida (dawa inayolenga HER2) wakapewa trastuzumabu emtansini (dawa hiyo ikiwa imeunganishwa na tibakemikali) walikuwa hai bila saratani vamizi kurudi kwa asilimia 88.3 katika miaka mitatu, ikilinganishwa na asilimia 77.0 ya walioendelea na trastuzumabu ya kawaida. Kapesitabini ni vidonge vya zamani na si vya bei ya kutisha. Dawa ya pili ni ghali sana, na ni vyema familia ikaulizia upatikanaji wake mapema badala ya kujengewa tumaini lisilo na mahali pa kununuliwa.

Utakutana pia na neno "mwitikio kamili", yaani hali ya kutokuta saratani vamizi kabisa baada ya dawa. Mgonjwa anayeupata kwa kawaida ana matazamio mazuri zaidi, hasa akiwa na saratani hasi tatu au yenye HER2. Lakini uchambuzi uliochapishwa mwaka 2014, uliokusanya majaribio 12 yenye wagonjwa 11,955, ulionyesha kwamba dawa kuongeza idadi ya wanaopata mwitikio kamili katika jaribio zima si uthibitisho kwamba dawa hiyo imerefusha maisha. Kwa hiyo ukisoma tangazo la dawa mpya linalosifu mwitikio kamili peke yake, subiri takwimu za kuishi.

Jiweke mahali pako katika ushahidi

Swali la mwisho kabla ya kwenda kliniki ni kama watu waliokuwa kwenye jaribio wanafanana nawe. B-18 liliwahusu wanawake wenye uvimbe uliokuwa unaweza kupasuliwa tangu siku ya kwanza. Afrika Mashariki wagonjwa wengi hufika hospitalini wakiwa katika hatua ya tatu au ya nne, wengine wakiwa na uvimbe ulioshikamana na ukuta wa kifua, kidonda kilichofunguka, au titi lililovimba na kuwa jekundu lenye ngozi inayofanana na ganda la chungwa. Kwa mgonjwa wa namna hiyo ambaye ugonjwa haujafika viungo vya mbali, kuanza na dawa si suala la kuchagua, kwa kuwa upasuaji wa mwanzo ungeacha saratani nyuma. Mgonjwa huyo asimwige jirani aliyepasuliwa kwanza.

Upande mwingine yuko mwanamke mwenye uvimbe mdogo wenye vipokezi vya homoni na kwapa lisilo na tezi zilizovimba. Kwake upasuaji mara nyingi hutangulia kwa sababu nzuri: ukubwa halisi wa uvimbe na hali ya tezi ndivyo vitakavyosema kama anahitaji tibakemikali au kama vidonge vya homoni vitamtosha. Kati ya hawa wawili wako wenye saratani hasi tatu au yenye HER2, ambao wakiwa na uvimbe unaozidi sentimita mbili au tezi zilizoathirika, miongozo mingi hupendekeza kuanza na dawa, kwa sababu za majaribio mawili niliyoyataja.

Utaona kwamba yote haya yanategemea kipimo kimoja. Kinyama kilichochukuliwa kwa sindano nene lazima kipimwe vipokezi vya estrojeni, projesteroni na HER2 kabla ya dripu ya kwanza kutundikwa. Hili nalisisitiza kuliko jambo lingine lolote katika mwongozo huu, kwa maana dawa zikifanya kazi vizuri sana hakutabaki nyama ya kupima, na majibu ya vipokezi yatakuwa yamepotea pamoja na uvimbe. Pale ambapo maabara huchukua wiki kadhaa kutoa majibu, familia ifuatilie yenyewe. Karatasi iliyolala dirishani humchelewesha mgonjwa.

Mbele ya daktari

Beba majibu yote ya patholojia (uchunguzi wa kinyama maabara), picha za mamografia na altrasaundi, na orodha ya dawa unazotumia, zikiwemo za mitishamba. Uliza kwanza kama uvimbe unaweza kupasuliwa leo. Kama jibu ni hapana, mjadala wa mpangilio umekwisha na maswali yahamie kwenye aina ya dawa na muda. Kama jibu ni ndiyo, uliza kuanza na dawa kutabadilisha nini kwako: aina ya upasuaji, upasuaji wa kwapa, au dawa zitakazofuata. Daktari akisema hakutabadilisha chochote, basi uwepo wa nafasi katika chumba cha upasuaji, umbali wa nyumbani na uwezo wa kulipia ni sababu halali za kuamua, wala hakuna haja ya kuzionea aibu.

Ikiamuliwa kuanza na dawa, uliza mahali pa uvimbe patawekwa alama gani. Hospitali zenye uwezo huweka kipande kidogo cha chuma ndani ya titi kwa sindano. Pasipo na hicho, mpasuaji anaweza kuchora alama ya kudumu kwenye ngozi, kupima kwa rula na kupiga picha. Bila alama, uvimbe uliotoweka humwacha mpasuaji akikisia. Uliza pia vipimo vya moyo ikiwa utapewa doksorubisini au trastuzumabu, na kama una umri wa kuzaa, zungumzia ujauzito na uzazi wa mpango kabla ya mzunguko wa kwanza.

Ukialikwa kujiunga na jaribio, kama inavyotokea katika hospitali kubwa za kufundishia, omba fomu ya ridhaa kwa Kiswahili na uende nayo nyumbani. Tanzania utafiti wa aina hii huhitaji kibali cha maadili kutoka Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, na majaribio ya dawa hupitia pia kwa mamlaka ya dawa na vifaa tiba; namba za vibali huandikwa kwenye fomu. Uliza kundi la kulinganishwa litapewa tiba gani, nani atalipia vipimo vya ziada, na nani atagharimia madhara yakitokea. Kukataa au kujitoa katikati hakuruhusiwi kukunyima tiba ya kawaida.

Dawa zikishaanza

Titi na kwapa vipimwe kwa mkono kila mzunguko na matokeo yaandikwe kwa sentimita. Wachache ambao uvimbe wao hukua wakiwa kwenye dawa wanapaswa kutambuliwa mapema ili wabadilishiwe dawa au wapasuliwe, na mgonjwa mwenyewe ndiye mara nyingi anayegundua kwanza. Joto la mwili likifika nyuzi 38, aende hospitali siku hiyohiyo, hata usiku, kwa kuwa chembe nyeupe za damu zilizopungua huacha mlango wazi kwa maambukizi yanayoua kwa saa chache. Dawa za kushusha homa zisitumike kuficha dalili hiyo nyumbani.

Kosa linaloumiza zaidi hutokea dawa zinapokwisha. Uvimbe umetoweka, nguvu zinarudi, nauli ni shida, na mgonjwa haoni tena sababu ya kupasuliwa. Kumbuka wale wanawake wa B-18: 36 katika 100 hawakuwa na uvimbe unaoshikika, ilhali waliokuwa safi kwa darubini walikuwa 13. Tarehe ya upasuaji ipangwe kabla ya mzunguko wa mwisho, na kwa kawaida upasuaji hufanyika ndani ya wiki nane tangu dripu ya mwisho. Kwa aliyeanza na upasuaji, saa inahesabiwa upande wa pili: utafiti wa wagonjwa wa California uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba waliochelewa kuanza tibakemikali kwa zaidi ya siku 90 baada ya upasuaji walikuwa na matokeo mabaya zaidi, hasa wenye saratani hasi tatu.

Baada ya upasuaji, omba nakala ya ripoti ya patholojia na utafute sehemu inayoeleza mabaki ya saratani katika titi na idadi ya tezi zilizoathirika. Ripoti hiyo ndiyo itakayoamua kama kapesitabini au dawa nyingine iongezwe, na usiondoke kliniki kabla daktari hajaandika uamuzi wake kwenye faili.